Kukadiria ukali wa kifua kikuu kwa picha za eksirei: mwongozo kwa watabibu wa Kisumu na kaunti jirani

Mwongozo huu unamlenga tabibu wa Kisumu, Siaya au Homa Bay mwenye picha za eksirei za watu wazima waliothibitishwa kuwa na kifua kikuu cha mapafu, anayetaka kutambua mapema wale ambao makohozi yao huenda yakabaki na vimelea baada ya miezi 2 ya dawa.

Hatua ya kwanza: ondoa jina na namba ya mgonjwa katika kila faili, pamoja na maandishi yaliyochapwa juu ya picha yenyewe, ambayo husahaulika mara nyingi.

Hatua ya pili: wape wasomaji wawili picha zilezile, kila mmoja asome peke yake. Wakadirie asilimia ya mapafu iliyoathirika, kisha waongeze 40 panapoonekana tundu ndani ya pafu. Mapafu yaliyoathirika kwa asilimia 35 na yenye tundu hupata 75. Njia hii, ambayo kiwango chake cha juu ni 140, ilichapishwa mwaka 2010 kutokana na utafiti wa Timika, Indonesia, uliopendekeza 71 kuwa mpaka wa hatari.

Hatua ya tatu ndiyo ninayokusihi usiiruke. Matundu hutokana kwa kiasi kikubwa na mapambano ya kinga ya mwili dhidi ya vimelea. Kwa hiyo mtu mwenye VVU ambaye seli zake za CD4 (seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU) zimepungua sana anaweza kuwa mahututi huku picha yake ikikaribia kuwa ya kawaida. Katika kaunti hizi za ziwani, ambako maambukizi ya VVU ni miongoni mwa ya juu zaidi nchini, mpaka ulioletwa kutoka mbali utawapotosha watu wetu. Ingiza hali ya VVU na idadi ya CD4 katika modeli, yaani hesabu ya kukadiria uwezekano wa vimelea kubaki, utakayoijenga katika hatua ya nne, na uiruhusu alama ya picha iwe na uzito tofauti kwa kila kundi.

Hatua ya nne: jenga modeli kwa regresheni ya lojistiki (njia ya takwimu inayokadiria uwezekano wa jambo kutokea au kutotokea), ukiongeza umri, uzito na wingi wa vimelea katika makohozi ya mwanzo. Modeli nzito zaidi hazifai kwa data chache.

Hatua ya tano: ijaribu modeli kwa wagonjwa wa hospitali nyingine. Kati ya wale iliowapa uwezekano wa asilimia 30, takriban 30 kwa kila 100 wawe wamebaki na vimelea kweli. Fanya hesabu hiyo kando kwa wenye VVU, na ikiwa inawakadiria hatari ndogo kuliko waliyo nayo kweli, usiitumie kwao hadi uirekebishe.