Kukinga miembe na michungwa bila sumu za dukani: mwongozo kwa wakulima wa Tabora

Kila msimu wa embe unapokaribia, swali ninaloulizwa zaidi ni moja: "Nipulizie nini?" Mtu ana miembe yake mitano Ipuli au Uyui, mwaka jana nusu ya embe zilitoka na funza, sasa anataka jina la dawa. Mimi naotesha miche na kutunza bustani za watu, na jibu langu halijawahi kubadilika. Dawa, hata ile ya asili, inakuja mwishoni. Kazi kubwa iko chini ya mti, na wengi huiruka kwa sababu haina bomba wala harufu kali.

Tuanze na mdudu mwenyewe, maana usipomjua utapoteza nguvu bure.

Nzi wa matunda anayetusumbua zaidi asili yake ni Asia. Mwaka 2003 alibainika Kenya, na haikuchukua muda akawa ameenea kwetu. Ana rangi ya kahawia na njano, mabawa yanayoonyesha upande wa pili, na kiuno kilichobana kama cha nyigu. Jike hutoboa ngozi ya embe na kutaga mayai ndani. Ukiangalia kwa makini utaona kidoa kidogo mno, kama mtu amechoma kwa sindano, na mara nyingine tone la utomvu limekauka hapo. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu. Funza hula nyama ya tunda, tunda linaoza na kuanguka. Wakishakua wanatoka, wanajifukia kwenye udongo sentimita chache tu, wanageuka pupa, na baada ya wiki moja au mbili hivi, kutegemea joto, wanatoka nzi wapya wanaopanda kwenye embe zilizobaki.

Angalia mzunguko huo. Funza yuko ndani ya tunda, na hakuna mwarobaini wala pilipili utakaopulizia nje ukamfikia. Lakini mara mbili katika maisha yake anakuwa mahali unapoweza kumshika: akiwa kwenye tunda lililoanguka, na akiwa kwenye udongo.

HATUA YA 1: Okota matunda yaliyoanguka

Angalau mara mbili kwa wiki, kuanzia embe za kwanza zinapoanza kudondoka hadi ya mwisho itoke mtini. Okota zote, hata zile zilizopasuka na zile ndogo zilizoanguka mapema. Chuma pia zilizoanza kuoza zikiwa bado mtini.

Usizitupe kwenye lundo la takataka nyuma ya nyumba, wala usizitie moja kwa moja kwenye mboji. Hapo unakuwa umewahamishia nzi kitalu. Kuna njia mbili ninazoziamini:

Ya kwanza ni shimo. Zifukie ili embe ya juu kabisa iwe na udongo usiopungua nusu mita juu yake, na ushindilie. Shimo la kina kifupi halisaidii, kwa sababu nzi anayetoka kwenye pupa ana uwezo wa kupenya udongo mwepesi, na udongo wetu wa kichanga anaupenya vizuri sana.

Ya pili ni jua. Chukua kiroba cha mbolea kile chenye nailoni ndani, jaza embe, funga mdomo kwa kukaza, uache juani wiki moja mpaka mbili. Joto linaua funza wote. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Kiroba, au pipa lenye kifuniko kinachobana, vinatosha. Baada ya hapo ule uozo unaweza kuingia kwenye mboji bila wasiwasi.

Kokwa nazo usiziache zikizagaa. Kuna fukusi wa embe ambaye maisha yake ya utotoni yote ni ndani ya kokwa. Embe kwa nje ni safi, unakula vizuri, unapasua kokwa unakuta mbegu imekuwa unga mweusi. Sisi wenye vitalu ndiye anayetuumiza zaidi, maana mbegu hiyo mara nyingi haioti. Mkubwa wake hujificha kwenye nyufa za magome mpaka maua yajayo. Kokwa zifukie au zichome.

HATUA YA 2: Chokonoa udongo, ruhusu kuku

Chini ya mwembe, eneo lote la kivuli, palilia juujuu kwa jembe, sentimita tano hivi, kila baada ya wiki mbili au tatu wakati wa matunda. Usichimbe sana ukakata mizizi midogo. Pupa zikitoka juu zinakauka kwa jua, na siafu na sisimizi wanazila. Kuku wa kienyeji ni bora kuliko jembe. Waachie asubuhi chini ya miembe na utaona wanavyoparua sehemu ileile uliyochokonoa.

HATUA YA 3: Tundika mitego

Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Toboa matundu manne kuzunguka, theluthi moja kutoka juu, kila tundu upana wa penseli. Ndani weka maji robo ya chupa, kijiko cha sukari, nusu kijiko cha hamira na ndizi mbivu iliyopondwa. Ongeza matone machache ya sabuni ya maji ili nzi akitua azame. Tundika upande wenye kivuli, urefu wa mtu aliyesimama, na ubadilishe kila wiki.

Chambo cha hamira kinavuta jike pia, kwa sababu anahitaji protini ili mayai yake yakomae. Vile vivutio vinavyouzwa kwa jina la kivutio cha madume vinavuta madume peke yake. Vinasaidia kujua nzi wameanza kuingia, lakini kama umetundika kimoja tu ukadhani umeshamaliza kazi, majike yanaendelea kutaga. Mtego wa chupa nao hautamaliza nzi wote. Uchukulie kama macho yako. Ukianza kukuta nzi ndani yake, ongeza kasi ya kuokota.

HATUA YA 4: Funika matunda, au chuma mapema

Kwa miche ya kubebesha, ile mifupi ya Kent, Apple au Tommy, hakuna kinga ya uhakika kama mfuko. Embe ikifikia ukubwa wa yai la kuku, ivalishe mfuko wa gazeti au wa karatasi ya mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri. Funga juu ya kikonyo kwa uzi wa katani, usikaze. Acha pembe moja ya chini na upenyo mdogo maji yatoke. Nzi hawezi kutaga ambako hafiki.

Kwa ile miembe mikubwa ya zamani, ambayo mji wetu umejaa, hilo haliwezekani. Hapo chuma embe zikiwa zimekomaa lakini bado kijani na ngumu, uziivishe ndani. Nzi hupendelea tunda linaloanza kuiva. Kila siku unayoiacha embe iive juu ya mti ni siku unayompa yeye.

HATUA YA 5: Sasa tuje kwenye mwarobaini

Mwarobaini una kazi yake halisi, ila watu wanautumia vibaya. Wanachemsha majani, wanapulizia saa sita mchana, kesho yake wanakuja kusema haufanyi kazi.

Nguvu kubwa iko kwenye kiini cha mbegu. Majani yana kidogo. Matunda ya mwarobaini yakianza kuwa manjano yaokote, menya, osha, kausha mbegu kivulini siku kadhaa, kisha hifadhi kwenye kikapu au mfuko wa katani unaopitisha hewa. Zikiota ukungu zitupe.

Siku ya kupulizia:

Bangua maganda, twanga viini kwenye kinu mpaka uwe kama unga mzito wenye mafuta. Usitumie kinu cha jikoni, tenga chako. Pima gramu 50 kwa kila lita moja ya maji, yaani kilo moja kwa ndoo ya lita 20. Loweka usiku kucha, angalau saa 12. Chuja kwa kitambaa cha pamba mara mbili, la sivyo pua ya bomba itaziba. Kwangua kipande cha sabuni ya mche, au ile sabuni ya mawese inayotoka Kigoma, ikoroge mpaka iyeyuke. Sabuni ndiyo inayofanya maji yashike kwenye jani badala ya kuteleza.

Pulizia jioni jua likishapoa, juu na chini ya majani. Mwanga wa jua unaharibu kiini cha dawa hii haraka. Tumia yote siku hiyo. Rudia baada ya siku saba, au mapema zaidi kama mvua imenyesha.

Na usitegemee kuona wadudu wamelala chini asubuhi. Mwarobaini unamfanya mdudu akose hamu ya kula, unavuruga kujivua ngozi kwake, na unapunguza kutaga. Matokeo utayaona baada ya siku kadhaa, majani mapya yanapotoka hayajaliwa. Unafaa kwa vidukari, vidung'ata wachanga, viwavi na wadudu wanaotoboa majani. Kwa funza aliyeko ndani ya embe, nimeshasema.

HATUA YA 6: Michungwa na milimao midogo

Mchungwa mchanga kabla hujaupulizia, uangalie kwa macho. Utakuta juu ya jani kitu kama kinyesi cha ndege, kahawia chenye doa jeupe. Kiguse kwa kijiti. Kikichomoza pembe mbili laini na kutoa harufu kali, huyo ni kiwavi wa kipepeo wa michungwa. Akikua anakuwa wa kijani na anaweza kumaliza majani ya mche mzima kwa siku chache. Mtoe kwa mkono. Kwa miche hamsini kazi hiyo ni ya asubuhi moja na haihitaji dawa.

Ukiona majani machanga yamejikunja, yananata, na mengine yana masizi meusi, tazama chini yake kuna vidukari. Kisha tazama shina: kuna msururu wa sisimizi wanapanda na kushuka. Sisimizi wanalamba maji matamu ya vidukari na wanawalinda dhidi ya wadudu wengine wanaowala. Kata njia yao. Zungushia shina kipande cha nailoni, funga juu na chini, kisha paka grisi juu ya nailoni. Usipake grisi kwenye gome lenyewe, litaungua. Kata matawi yanayogusa ukuta au nyasi, maana wataitumia njia hiyo. Vidukari waliobaki osha kwa maji ya sabuni.

Lakini maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, usiwafukuze kwenye mwembe. Wanawinda, na harufu wanayoiacha kwenye tunda inamfanya nzi asite kutaga. Wachina walikuwa wakiwatumia ndugu zao kulinda michungwa tangu karne ya nne. Wanauma wakati wa kuvuna, ni kweli. Vuna kwa kichumio kirefu.

HATUA YA 7: Mchwa

Mchwa wa Tabora anataka kikavu. Mche wenye kiu ndio anaouanza. Mwagilia, usiweke samadi mbichi kwenye shimo la kupandia, na matandazo yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja. Nyunyiza majivu kuzunguka shina na urudishe kila mvua inapoyasomba. Shina lililokomaa lipake chokaa kufikia magotini. Vijia vya udongo vya mchwa vitaonekana mapema juu ya weupe, vikwangue.

KUHUSU TUMBAKU NA UTUPA

Hili naliandika kwa uzito, kwa sababu Urambo, Kaliua na Sikonge tumbaku ipo kila nyumba na watu wanailoweka kupulizia bustani. Inaua wadudu, ndiyo. Ni asili, ndiyo. Lakini nikotini inapita kwenye ngozi ya mpuliziaji na inaua nyuki, na maji ya majani hayo yanaweza kubeba virusi vinavyoambukiza nyanya, pilipili na bilinganya. Mimi siitumii kwenye chochote kinacholiwa, na ninawaomba wenzangu waiache.

Utupa nao ni mmea mkali kwa wadudu, na ni uleule uliotumika tangu zamani kulewesha samaki. Ukiutumia, usioshe bomba mtoni wala kisimani. Maji ya Ugalla yanaingia Malagarasi, na Malagarasi inaishia Ziwa Tanganyika. Oshea shambani, mbali na maji, na matunda yasivunwe mara baada ya kupulizia.

Tena, hakuna kupulizia chochote mti ukiwa kwenye maua. Mkoa huu unaishi kwa asali, na mwembe bila nyuki na wale nzi wengine wa kuchavusha haushiki matunda vizuri.

JIRANI YAKO

Nzi wa matunda huruka kutoka uwanja hadi uwanja. Ukiokota vizuri peke yako na jirani ana mwembe usio na mwenyewe, msimu wako bado uko hatarini. Ongea naye kabla embe hazijaanza kuanguka. Kwenye mtaa, chagueni siku mbili za kuokota, kwa mfano Jumatano na Jumapili asubuhi, na mchimbe shimo moja la pamoja lenye kina cha mita moja na nusu. Watoto wapeni kazi ya kukusanya, mkubwa mmoja afunike kwa udongo siku hiyohiyo. Ile miembe ya barabarani na ya viwanja vya umma, mwombeni mwenyekiti wa mtaa aiingize kwenye siku ya usafi.