Kulanti ya trekta isimwagwe uani

Kuanzia Oktoba matrekta huku Kongwa na Chamwino huanza kufanyiwa matengenezo kusubiri mvua za Desemba, na kulanti ya zamani, yaani kimiminika cha kupoozea injini kinachokaa kwenye rejeta, mara nyingi humwagwa palepale uani. Naomba tuache. Wakati huo malambo yamekauka, na kwa mbuzi au mbwa mwenye kiu kidimbwi chochote ni maji.

Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, kimiminika kitamu kisicho na rangi wala harufu. Ule ukijani au uwekundu hutiwa kiwandani. Dodoma hatuna baridi ya kugandisha rejeta; faida ya glaikoli kwetu ni kwenye joto. Kwa mwinuko wa mita 1,100 hivi, maji matupu huchemka karibu nyuzi 96, ilhali glaikoli tupu huchemka kwa 197, hivyo mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchelewa kuchemka. Usiuchanganye na maji ya kisima cha chumvi, yanaacha ukoko mgumu ndani ya rejeta. Nunua iliyokwisha kuchanganywa.

Sumu yenyewe huzaliwa kwenye ini. Glaikoli hugeuzwa hatua kwa hatua hadi kuwa tindikali ya oksaliki, ambayo hushikana na kalsiamu na kufanya fuwele zinazoharibu figo. Mbwa aliyelamba huyumba kama mlevi, hunywa na kukojoa sana, kisha huonekana amepata nafuu. Usidanganyike. Siku moja hadi tatu baadaye figo hugoma. Dawa husaidia saa za mwanzo tu, kwa hiyo mpigie daktari wa mifugo akianza kuyumba. Paka wa kilo 3 huuawa na kijiko kimoja cha chai cha kulanti isiyochanganywa.

Ikimwagika, funika kwa mchanga, zoa wote, weka kwenye chombo chenye mfuniko. Na lile dumu tupu, tafadhali, lisiende kisimani hata likisuuzwa mara ngapi. Litoboe siku hiyohiyo, kabla mtoto hajaliokota.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaifahamu propilini glaikoli, anayonyweshwa ng'ombe aliyezaa karibuni akakosa nguvu na kukataa pumba: mililita 300 hivi kwa siku, siku 3 hadi 5, kwa maelekezo ya daktari. Hiyo ini huigeuza kuwa sukari. Majina yanakaribiana, kazi mbalimbali. Hata kulanti iliyoandikwa propilini ina viambato vya kuzuia kutu, kwa hiyo dawa ya ng'ombe inunuliwe duka la mifugo, si la vipuri.