Somo: Kuzitoa nakala rudufu za zamani katika kompyuta mpakato ya Windows 98

Bado zipo afisi, skuli na maduka, Unguja na Pemba, ambako kompyuta mpakato za mwisho wa miaka ya 1990 zimewekwa juu ya kabati, na ndani yake zimo hesabu za karafuu, orodha za wanafunzi au barua ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Somo hili linahusu hali moja mahsusi, nayo ni mashine ya Windows 98 yenye mafaili ya nakala rudufu ya aina ya .QIC, yaliyotengenezwa kwa programu ya Backup iliyokuja na Windows hiyo. Mafaili hayo kwa kawaida hayafunguki katika kompyuta za leo, na hata programu ya nakala rudufu ya Windows XP haiyasomi. Njia tutakayoifuata ni kuitumia programu ya zama zake, lakini si lazima iendeshwe ndani ya mashine ya zama zake.

Hatua ya kwanza: usiiwashe. Najua hamu ilivyo, hasa pale mwenye mali anapokuwa amesimama pembeni akitaka kuona kama skrini itawaka. Lakini diski iliyokaa miaka katika hewa yetu ya chumvi na unyevu wa masika huenda ikazunguka mara moja tu, na Windows 98 kila inapoanza huandika mambo yake diskini bila ya kumuuliza mtu. Basi fungua skrubu za chini, uitoe diski, na uiunganishe na kompyuta mpya kwa adapta ya IDE (aina ya kiungio cha diski za zamani) kwenda USB. Diski hizi za inchi 2.5 zina pini 44 katika safu mbili, na umeme hupita humo humo. Pembeni yake, baada ya nafasi ndogo, utaona pini nne zilizojitenga. Hizo ni za kupangia diski, hazichomekwi adapta, na anayeisogeza adapta mpaka ikazifunika anaweza kuiunguza diski kabla hajasoma hata faili moja.

Hatua ya pili: nakili diski nzima. Tumia kompyuta yenye mfumo wa Linux na programu ya kuokolea data ya ddrescue. Kwanza andika lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizounganishwa, ili uijue diski ya zamani kwa ukubwa wake, kisha, ikiwa imetokea kwa jina la sdb, andika:

sudo ddrescue -d /dev/sdb diski.img diski.map

Liangalie jina hilo mara mbili kabla ya kubonyeza, na pahala pa kuhifadhia diski.img pasiwe kwenye diski hiyo hiyo. Faili la diski.map ndilo linaloweka kumbukumbu ya sehemu zilizokwisha kusomwa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo sote tunalijua, utaitoa amri ile ile na programu itaendelea pale ilipoachia. Sehemu mbovu huziruka kwanza na kuzirudia baadaye, na hiyo ndiyo sababu ya kuipendelea kuliko kunakili faili kwa faili. Ikimaliza, iweke diski halisi katika mfuko mkavu na usiiguse tena.

Hatua ya tatu: toa mafaili ya .QIC. Andika sudo losetup -r -P -f --show diski.img, amri inayolifanya faili hilo lionekane kama diski, kisha ufungue (mount) sehemu ya kwanza ya diski hiyo kwa kusoma tu. Yanakili mafaili ya .QIC na uyatie katika taswira ya CD, yaani faili la ISO.

Hatua ya nne: sakinisha Windows 98 ndani ya 86Box, programu inayoiga kompyuta ya zamani pamoja na vifaa vyake. Utahitaji CD ya Windows hiyo na namba yake, ambayo huenda imebandikwa chini ya kompyuta yenyewe. Backup haisakinishwi yenyewe. Ingia Control Panel, Add/Remove Programs, Windows Setup, kisha System Tools, na uiwekee alama.

Hatua ya tano: iingize ISO, nakili mafaili katika C:, na ufungue Backup. Itakuambia kuwa haikuona kifaa cha kuhifadhia nakala na itataka kukitafuta. Jibu hapana, kwani inakusudia mashine ya tepu. Chagua Restore, elekeza kwenye faili lako, na mafaili yarejeshwe katika folda mpya badala ya mahali pake pa asili. Baada ya hapo izime mashine hiyo ya kuigiza na uifungue diski yake katika Linux kama ulivyofanya katika hatua ya tatu. Barua za Word na majedwali ya .DBF (ya programu ya dBase) mara nyingi hufunguka katika LibreOffice, programu ya bure ya kazi za afisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Wete): Maalim, kwa nini nisiiwashe tu kompyuta yenyewe nikachomeka flashi?

Jibu: Ndugu yangu, Windows 98, hata ile ya toleo la pili, haina draiva ya jumla ya flashi, yaani programu ya kuitambua. Utalazimika kuisakinisha kwenye diski ile ile unayotaka kuiokoa, na huenda ukaandika juu ya data iliyofutwa kwa bahati mbaya.

Swali (Mji Mkongwe): Shikamoo Maalim. Diski yangu inagonga tik-tik na haionekani kabisa. Nijaribu kuifungua?

Jibu: Marahaba. Usiifungue, na ukate umeme sasa hivi. Mlio huo mara nyingi ni wa vichwa vya kusomea, na kila unapoiwasha vinaweza kukwaruza zaidi. Hiyo ni kazi ya mafundi wenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa, basi amua kwanza kama kilichomo kina thamani hiyo.

Swali (Mkoani): Mimi sina diski, nina flopi za inchi 3.5 za marehemu baba. Kila moja ina BACKUP.001 au namba inayofuata, pamoja na CONTROL. Baadhi zina ukungu.

Jibu: Mungu amrehemu mzee wetu. Hizo zilitengenezwa kwa amri ya BACKUP ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, toleo la 3.3 mpaka la 5, na hurejeshwa kwa amri ya RESTORE, ambayo imo hata katika MS-DOS 6.22. Zipange kwa namba, maana RESTORE huzitaka kwa mfuatano. Sogeza kitufe cha pembeni mpaka tundu liwe wazi, ili zisiweze kuandikwa. Zenye ukungu usizitie katika mashine kabla ya kuzisafisha, kwani ukungu hubaki kwenye vichwa na flopi zisizo na ukungu zinazofuata nazo zinaweza kukwaruzwa. Anza na zilizo safi, uzinakili zote, ndipo uzigeukie zile nyengine.