Sumu ya koboko na chaneli za kalsiamu: anza na msuli, usianze na nyoka

Nafundisha fiziolojia hapa Kisumu. Kila tukifika kwenye sumu za nyoka huulizwa: kama sumu ya koboko, yaani nyoka aitwaye mamba mweusi (si mamba wa mtoni), huziba chaneli za kalsiamu, yaani vijilango vya kalsiamu kwenye utando wa seli, je, ndiyo sababu aliyeumwa hupooza? Hapana. Chukua karatasi kubwa na kalamu za rangi mbili tulifuatilie.

Hatua ya 1. Chora seli tatu: ya msuli wa moyo, ya msuli laini kwenye ukuta wa mshipa wa damu, na ya msuli wa mifupa, kama wa paja. Usichore moja tu ukaiita "seli ya msuli". Wengi hupotelea hapo.

Hatua ya 2. Andika viwango vya kalsiamu. Nje ya seli ni zaidi kidogo ya milimoli 1 kwa lita. Ndani, msuli ukiwa umetulia, ni kama nanomoli 100. Tofauti inafika mara 10,000. Chaneli ikifunguka, kalsiamu hujiingilia yenyewe.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Kwenye utando wa kila seli chora chaneli ya kalsiamu ya aina iitwayo L, na ndani chora ghala la kalsiamu lenye mlango wake, kipokezi cha rayanodini. Kwenye moyo, kalsiamu kidogo inayoingia kutoka nje ndiyo inayofungua ghala. Isipoingia, moyo haukazi. Msuli laini nao hutegemea sana kalsiamu ya nje. Msuli wa mifupa ni tofauti: chaneli yake imeshikana na kipokezi cha rayanodini, kama kamba iliyofungwa kwenye komeo. Umeme ukipita kwenye utando, kamba inavutwa na ghala linafunguka, hata kama hakuna kalsiamu iliyoingia kutoka nje.

Hatua ya 4. Sasa weka sumu. Kalsiseptini ni protini ndogo ya asidi amino 60 kutoka kwa koboko, iliyoelezwa na watafiti mwaka 1991. Huziba chaneli za aina ya L, na kazi yake inafanana na ya nifedipini, dawa inayojulikana na wengi wenye ndugu wa presha. Weka alama nyekundu kwenye moyo na kwenye mshipa: nguvu ya moyo inapungua, mshipa unalegea, presha inashuka. Kwenye paja usiweke kitu. Chaneli za msuli wa mifupa hazizibwi na sumu hii.

Hatua ya 5. Kupooza kunatoka wapi basi? Chora ncha ya neva juu ya msuli wa paja. Baadhi ya sumu za koboko hukalia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva kwenda kwenye msuli, amri isifike. Sumu yake nyingine, dendrotoksini, huziba chaneli za potasiamu za neva: neva inakawia kutulia, chaneli zake za kalsiamu zinapitisha kupita kiasi, asetilikolini inamwagika na msuli unatetemeka. Chaneli ya kalsiamu haijaguswa, lakini imeingizwa kazini. Napenda sana hatua hii. Kwa mgonjwa, hatari kubwa ni misuli ya kupumua, kwa hiyo apelekwe hospitali mara moja, bila kukatwa kwa wembe penye jeraha wala kufungwa kamba.

Hatua ya 6. Ongeza swila, fira atemaye mate. Sumu yake ina saitotoksini na fosfolipesi zinazoharibu utando wenyewe. Chora utando uliochanika: kalsiamu inafurika bila kupitia chaneli yoyote, inaamsha vimeng'enya, na seli inajila. Msitu wa Kakamega una nyoka wake wa jamii ya mamba pia, mamba wa Jameson, na jamii yake ya mashariki hubeba jina la Kaimosi: *kaimosae*. Lakini usimhamishie kalsiseptini kwa kuwa tu ni mamba.

Hatua ya 7. Jipime. Mgonjwa ameumwa na koboko, kope zimelegea na presha imeshuka. Weka kidole penye chanzo cha kila dalili. Kope: kidole kiwe kati ya neva na msuli. Presha: kwenye chaneli za L za moyo na mshipa. Vidole viwili vikikaa mahali pamoja, rudi hatua ya 3.