Mtumbwi Boundary Waters kwa mara ya kwanza: upepo ndo bosi

Kwanza toa makopo kwenye hilo begi. Maharage ya kopo, tuna ya kopo, soda, bia za chupa, vyote vibaki nyumbani, kule chakula na vinywaji vya kopo au chupa ya glasi ni marufuku na ukikutwa unalipa faini. Hapo sisi tunaotoka kwetu tuna nafuu manake dagaa, unga wa ugali, dengu, njugu na mchele havikuwahi kuhitaji kopo, na chapati zinakaa siku mbili tatu bila neno. Ila hao dagaa jamani wafunge mifuko mitatu, dubu ana pua.

Naongelea Boundary Waters, kaskazini mwa Minnesota mpakani na Kanada, zaidi ya ekari milioni moja za msitu na maziwa zaidi ya elfu moja, barabara hakuna na maziwa mengi injini hairuhusiwi. Kutoka Minneapolis mpaka mji wa Ely ni kama masaa manne kwa gari. Mimi mtu wa Pangani, nikaenda kwa kiburi, mtumbwi nimepanda kabla sijajua kusoma nitashindwa nini, kumbe mtumbwi wenyewe sio tatizo, tatizo nilipanga safari kwa maili badala ya kupanga kwa upepo. Nitafika huko.

Kibali. Kuanzia tarehe 1 Mei mpaka 30 Septemba ukitaka kulala lazima uwe na kibali cha mlango fulani, yani sehemu ya kuingilia, kwa tarehe fulani, na kila mlango una idadi ya makundi kwa siku, kwaio unabuku mtandaoni mapema, milango yenye jina inajaa miezi kabla. Kundi mwisho watu 9 na mitumbwi 4, ile ya kualika ukoo mzima na majirani haipo. Ukitaka kushinda tu mchana na kurudi bila injini, kibali chake unajijazia mwenyewe bure.

Kwa anayeanza mimi namwambia aingilie Lake One. Waliotoa majina huko walichoka, baada ya hapo ni Lake Two, Lake Three, Lake Four, yani wamehesabu tu. Kati ya la kwanza na la pili unabeba mtumbwi nchi kavu mara mbili, vipande vifupi, alafu kutoka la pili mpaka la nne ni maji matupu. Moto mkubwa wa 2011 ulipita upande ule kwaio kuna sehemu miti bado ni midogo na kivuli cha shida, beba kofia.

Mtumbwi kodi pale Ely, usinunue. Kuna wa alumini, mgumu, unagonga mwamba na unaendelea na maisha, lakini ni kama kilo 34, na kuna wa kevla kama kilo 20 hivi. Kodi wa kevla hata kama ni ghali zaidi, mabega yako yatakushukuru, ila ujue hauburuzwi. Ukifika ukingoni hupandishi omo, yani mbele ya mtumbwi, juu ya mawe kama tunavyopandisha ngalawa mchangani, unashuka ungali unaelea, unaingia majini na viatu vyako, unapakua mizigo, ndo unaunyanyua. Viatu vitalowa, kubali tu mapema. Omba na kafi la akiba, na kitu cha kutolea maji yakiingia mtumbwini, mimi nimekata galoni ya maziwa ya plastiki ndo upo wangu.

Kupakia: mizigo mizito chini kabisa na katikati, mtu mzito akae tezi, yani nyuma, omo iwe nyepesi kidogo tu. Mkienda kinyume na upepo sogeza begi moja mbele, la sivyo omo inapeperushwa kila saa na mtu wa nyuma anachoka kuirudisha, mkisukumwa na upepo kwa nyuma lirudishe begi tezi. Hii ni ndogo lakini nimeona watu wanagombana mtumbwini kumbe kosa ni begi.

Sasa kupiga kafi. Wa omo ndo injini, anaweka mwendo na anaangalia mawe, wa tezi ndo usukani, kila mmoja upande wake. Kafi linasimama wima, mkono wa juu unatokeza juu ya maji, na nguvu zitoke kiunoni unavyozungusha mwili, ukivuta kwa mikono peke yake saa moja tu umekwisha. Ukifika usawa wa nyonga toa, kuvuta zaidi ya hapo unanyanyua maji bure. Wa tezi ana kazi ya ziada, manake kila akipiga omo inakimbilia upande wa pili, kwaio akifika nyonga asitoe kafi hapohapo, ageuze kidole gumba cha mkono wa juu kielekee chini alafu asukume kafi nje kidogo, njia yake inakuwa kama herufi J. Siku ya kwanza utaenda kama nyoka. Siku ya pili utaenda kama nyoka aliyenyooka kidogo.

Haya, upepo. Safari yangu ya kwanza tuliamka tukanywa chai taratibu, picha, stori, tukaingia Lake Three saa saba mchana. Upepo uko usoni, mawimbi yana vichwa vyeupe, tumepiga kafi karibu masaa mawili nikatazama pembeni naona mti uleule. Tukageuka tukajificha nyuma ya kisiwa mpaka jioni, na kambi zote nzuri zishachukuliwa manake huko kambi haibukiwi, anayewahi ndo yake, na lazima ulale kwenye kambi zilizowekwa zenye wavu wa chuma wa kupikia juu ya moto. Toka siku hio mimi saa kumi na mbili asubuhi kafi liko majini, chai nitakunywa mbele, na saa saba saa nane nishapata pa kulala. Mara nyingi asubuhi ziwa limetulia, mchana linachafuka, jioni linashuka tena. Ziwa kubwa usilikate katikati hata kama ramani inakuonyesha njia fupi, fuata ukingo, pita upande wa kisiwa uliokingwa. Mawimbi yakikua piga magoti, tanua magoti yaguse mbavu za mtumbwi, na uyachukue kwa mshazari, usiyape ubavu hata siku moja.

Laifujaketi ivaliwe, usiikalie. Barafu kule inaondoka mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, kwaio mwezi wa tano jua linawaka na maji bado yanakata pumzi, hata muogeleaji wa bahari anaganda. Mkipinduka ng'ang'ania mtumbwi, usiuache uogelee. Wenzenu wakiwepo wanauvuta mtumbwi uliopinduka juu chini juu ya kingo za mtumbwi wao kama alama ya msalaba, maji yanamwagika, wanaugeuza na kuurudisha majini, nyie mnapanda huku wameushika. Jaribuni siku ya kwanza karibu na ukingo, mcheke mkiwa salama. Na kwenye mito kati ya maziwa ukisikia maji yananguruma ambaa ukingo, mara nyingi pa kutokea pako juu kidogo tu ya maporomoko na bango hakuna, ni wewe na ramani.

Kubeba nchi kavu wenyeji wanaita poteji na wanapima kwa rodi, rodi moja karibu mita 5, yani urefu wa mtumbwi. Rodi 160 ni nusu maili, utasema si kitu, ila kama mizigo inataka raundi mbili unaenda, unarudi, unaenda tena, imeshakuwa maili moja na nusu. Mtumbwi anabeba mtu mmoja, unauegemeza mapajani, unashika ukingo wa mbali, unaurusha kwa goti kidogo mpaka ule ubao wa katikati ulale mabegani kama nira. Tembea, usiongee.

Kambini maji ya kunywa chuja au chemsha, chakula chote ninginiza juu mbali na shina au kiwe kwenye pipa lililothibitishwa kwa dubu, ni amri. Mbu na vijinzi weusi mwezi wa sita ni balaa, mimi siku hizi naenda mwisho wa Agosti.

Na chakula hesabu siku moja zaidi. Ziwa likikataa kuvukika unalala hapohapo unasonga ugali, kwaio kazini ukiomba ruhusa sema unarudi Jumanne, hata kama mpango wako ni Jumatatu.