Kupanda Usambara Magharibi kwa baiskeli: Mombo, Lushoto, Irente na Mtae

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina kilomita 33 hivi, yote lami. Inakutoa kwenye joto la mashamba ya mkonge, karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na kukufikisha kwenye baridi ya Lushoto, karibu mita 1,400. Ukigawanya, unapanda mita 3 kwa kila mita 100, na mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaimudu. Ila wastani huo usikudanganye. Kabla ya Soni barabara imechimbwa ubavuni mwa mlima juu ya bonde la mto, kona juu ya kona, na kuna vipande vikali kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha.

Utulivu wa njia hii unategemea saa unayoingia barabarani. Mabasi mengi ya kwenda Dar es Salaam na Tanga hushuka alfajiri. Ukiondoka Mombo saa 12 na nusu asubuhi, mengi yameshapita na jua bado halijaanza kuchoma. Ukichelewa mpaka saa 3, utapanda huku joto la tambarare linakuandama, na malori na Noah zimeshaanza kazi. Uliza pia siku ya gulio la Soni na la Lushoto kabla hujapanga safari. Siku ya gulio barabara hiyohiyo hujaa bodaboda zenye magunia, akina mama wenye matenga kichwani na mifugo inayoswagwa kwenda sokoni, kwa hiyo mwendeshaji anayetaka kimya achague siku nyingine.

Gia kwanza, miguu baadaye

Wengi wanaoshindwa mlima huu wanashindwa kwa sababu ya gia. Tafuta baiskeli ambayo gia yake nyepesi kabisa ina meno sawa mbele na nyuma, kwa mfano 34 kwa 34. Kwa gia hiyo, mizunguko 60 ya pedeli kwa dakika inakupa mwendo wa kilomita 7 na nusu kwa saa, na mwendo huo unaweza kuushika mpaka Soni bila magoti kulalamika. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, kwa mizunguko hiyohiyo inataka uende zaidi ya kilomita 18 kwa saa. Mlimani haiwezekani, ndiyo maana wenyeji wenye baiskeli hizo huzikokota wakipanda. Kama ndiyo uliyo nayo, panga kuikokota sehemu kali na uongeze saa mbili kwenye ratiba.

Panda kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Kunywa maji kidogo kila baada ya robo saa na kula kitu kila dakika 45: ndizi, andazi, kipande cha chapati. Lita 2 za maji zinatosha mpaka Soni, ambako utapata chai na vitafunwa, na maporomoko ya mto yako hapohapo karibu na barabara. Ukianza kuumwa kichwa na jasho limekauka na kuacha chumvi usoni, maji matupu hayatoshi. Changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe polepole. Kutoka Soni hadi Lushoto mwinuko unalegea na hewa inapoa. Kwa mwendo huu, pamoja na mapumziko, safari nzima inachukua kama saa 4 hadi 5.

Kabla ya kupanda, hapo Mombo, kagua matairi yote mawili kwa vidole na macho. Miiba ya migunga ya tambarare huingia kwenye raba bila kutoboa tyubu mara moja. Inakwenda ikizama taratibu, halafu unapata pancha kwenye kona isiyo na pa kusimama.

Kushuka ndiko kunakohitaji ufundi

Mteremko wa mita 1,000 unapima breki kuliko kitu kingine chochote. Kosa la kawaida ni kushikilia breki kidogokidogo kutoka juu mpaka chini. Msuguano usiokatika unapasha rimu moto, joto linaingia kwenye tyubu, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kasini. Kwenye breki za diski, pedi zinachemka, zinakuwa laini kama kioo na kuacha kushika. Badala yake, acha baiskeli itembee sehemu iliyonyooka, kisha kamata breki zote mbili kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, achia, pinda. Ukiwa tayari umeinama ndani ya kona usikamate breki ya mbele ghafla, hasa penye mchanga, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza hulirudishi. Simama mara mbili au tatu njiani upoze rimu. Mate kidogo kwenye kidole ukaigusa rimu haraka yatakuambia: yakichemka, subiri dakika 10.

Kabla ya safari, pedi za mpira ambazo mifereji yake imefutika zibadilishwe. Pedi za diski zikibaki chini ya milimita 1, nazo zitoke. Minya breki mpaka mwisho. Ikigusa usukani, kaza waya. Waya ulioanza kuchanika nyuzi karibu na mkono wa breki usiutumainie hata kwa siku moja, badili. Baiskeli za zamani zenye breki za fito na rimu za chuma hushika vibaya sana rimu zikilowa, kwa hiyo mvua ikinyesha shuka ukiikokota.

Barabara ni nyembamba. Fuso linalopanda huchukua kona kwa upana na kula upande wako, kwa hiyo ingia kila kona isiyoonekana mwisho kana kwamba kuna lori upande wa pili. Kaa kushoto, lakini usibanwe ukingoni: acha kama mita 1 kati yako na mtaro. Na kuna jambo ambalo wageni wa milima hii hawalitarajii. Bodaboda nyingi hushuka zikiwa zimezima injini ili kuokoa mafuta. Hutasikia kitu mpaka ikufikie ubavuni, kwa hiyo geuza shingo uangalie nyuma kila unapotaka kusogea katikati.

Ukishafika Lushoto

Njia fupi na nzuri kuliko zote ni ya Irente, kilomita 6 hivi kutoka mjini, kwenye vumbi na katikati ya mashamba na nyumba za watu. Mwisho wake ni ukingo wa mwamba. Chini yako kabisa iko Mazinde na tambarare inayokwenda mpaka upeo wa macho. Nenda alasiri, jua likiwa limelala upande huo, urudi kabla ya saa 12 jioni. Shamba la Irente lililo njiani huuza jibini na mkate, na ni chakula bora cha mwendeshaji kuliko biskuti za dukani.

Njia ya kweli ya kimya ni ya Mtae. Unapanda kutoka Lushoto mpaka Magamba, kilomita 7 au 8 za mlima wa kutosha, ambako msitu unakaribia barabara na mbega weusi na weupe huonekana asubuhi wakiruka matawini. Njia zinagawanyika hapo: moja inaelekea Migambo, nyingine Lukozi na Mtae. Ukibaki barabarani hakuna tatizo, ila ukitaka kuingia njia za ndani ya msitu wa hifadhi, lipia kwanza ofisini. Kutoka Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60, nyingi za udongo, kupanda na kushuka bila kukoma. Hesabu siku nzima, ulale Mtae, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima, na tambarare ya Mkomazi chini yake. Usijaribu kwenda na kurudi siku moja.

Tairi zenye upana wa milimita 28 zinazofaa lami ya Mombo zitakutesa huku. Vaa za 38 au zaidi, na punguza upepo: kwa mtu wa kilo 70, psi 35 hadi 40 zinatosha. Upepo mwingi mno unaifanya tairi irukeruke juu ya mawe na kukosa kushika. Ukipunguza sana, nako tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba.

Msimu ni wa kuzingatia zaidi ya yote. Juni hadi Septemba barabara ni kavu. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu unageuka utelezi na kunata. Unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Ukinaswa, usilazimishe cheni. Toa udongo kwa kijiti, fungua madigadi, au subiri: jua likiwaka kwa muda wa saa mbili tatu linaurudishia uso wa barabara ugumu wake.

Juni na Julai Lushoto ni baridi kweli. Unafika kileleni umelowa jasho, kisha unashuka na upepo unakupiga kifuani. Beba koti jepesi, na kama huna, ingiza gazeti chini ya shati. Linazuia upepo vizuri sana.

Fundi hayupo kila kijiji, kwa hiyo beba tyubu 2, pampu, viraka, gundi, msasa na vyuma vya kufungulia tairi. Viraka vinavyobanduka njiani karibu vyote vina sababu moja: gundi haikuachwa ikauke. Sugua kwa msasa, paka gundi nyembamba, ngoja dakika 5 mpaka isishike kidoleni, ndipo ubandike na kubonyeza. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi. Mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo.

Ukirudi na basi kutoka Lushoto, toa pedeli ili baiskeli ikae vizuri kwenye buti. Ya kulia inafunguka kinyume cha saa, ya kushoto inafunguka kuelekea saa. Ilaze upande wa cheni ukiwa juu, na usimame hapo mpaka utingo amalize kupakia, maana gunia moja la viazi juu yake linatosha kupinda chuma cha gia.