Ndume ya mbuzi anapanda lakini majike hawashike? Angalia kipwa na mvua kwanza

Mwaka jana mwezi wa kumi ndume yangu alikuwa anapanda vizuri kabisa, anapiga kelele, ananuka mpaka kwa jirani, lakini majike wote nane kisha siku 21 wakarudi kumutafuta. Mu nyumba wakasema tumerogwa. Apana, ni miye nilimuacha mwezi wa nane na majani ya kukauka na jua la Lushi (Lubumbashi).

Sikia vile inatembea. Kichwa cha mbuzi kinahesabu giza: usiku kinatoa homoni inaitwa melatonini, na usiku ukirefuka njo testosteroni (homoni ya kiume) inapanda, makende yanajaa. Njo maana ndume za mbuzi wa aina ya Alpine ama Saanen kule Ufaransa zinawaka mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili, kisha zinapoa. Goma, siku ndefu na siku fupi hazipitane hata robo saa. Huku Lubumbashi ni kama saa moja na dakika 20, na siku fupi iko mwezi wa sita. Mbuzi wetu wa hapa hafungwe sana na mwanga, anapanda mwaka muzima, kwake chakula na joto njo vinaamua.

Sasa shika hii ya maana: mbegu inachukua karibu miezi miwili toka inaanza kutengenezwa mpaka inatoka. Ile anamwaga leo ilianza wakati ule ulimunyima chakula. Makende yanataka baridi pia, digri 4 ao 5 chini ya mwili, na jua la mwezi wa tisa na wa kumi linayapika hata kama eko anaonekana na nguvu.

Miye sasa napandisha mwezi wa sita. Baridi iko, ametoka kula majani ya mvua, na watoto wanazaliwa mwezi wa kumi na moja majani yakianza kurudi (lakini mama yao uwaongezee chakula mwezi wa kumi, ule mwezi ni mubaya). Toka katikati ya mwezi wa ine muanzie matembele, majani ya karanga, munyu, maji safi, na pumba ya mahindi kidogo tu, juu pumba mingi inaleta mawe mu mukojo na ndume anaweza kukufia akisukuma bila kukojoa. Pima makende na mita ya fundi wa nguo kila mwezi, pale penye unene, andika. Usilinganishe na ndume wa mwingine, angalia namba zake mwenyewe: zikishuka, chakula kimeshuka.

Mwezi wa tano mutoe kabisa, mbali, majike wasimuone wasimusikie wala harufu yake isifike. Ukimurudisha kisha mwezi moja wengi watamutaka mu siku kumi hivi. Majike 20 kwa ndume moja inatosha.

Siku ya kumurudisha changanya mafuta na udongo mwekundu, mupake pa kifua, mwenye amepandwa ataonekana pa mugongo. Andika tarehe. Jike akipakwa tena kisha siku 21, ile ya kwanza haikushika, na wakifika batatu ao bane vile, shika mita upime tena na uite veterineri.